Kabla hujaja kuishi Guangzhou, andaa simu kwanza, begi baadaye

Kila mwaka kabla muhula haujaanza, napokea maswali kutoka nyumbani Tanzania, kwa vijana wanaokuja kusoma na kwa wafanyabiashara wanaotaka kukaa huku miezi kadhaa. Wengi huanza na nguo: nilete koti, nisilete? Mimi huwauliza kwanza kama simu zao ziko tayari. Huku Guangzhou, kusini mwa China, utakula kwa simu, utapanda treni kwa simu, utalipa umeme kwa simu. Hata mzee anayechoma viazi vitamu pembeni ya barabara ametundika msimbo wa QR kwenye toroli lake. Noti zinakubalika kisheria, ila muuzaji mara nyingi hana chenji, na wewe una njaa.

Kwa hiyo WeChat, programu ya ujumbe na malipo, na Alipay, ya malipo, zipakue ukiwa bado nyumbani. Ukishatua, Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube hazifunguki kwenye mtandao wa China, na duka la programu la simu nyingi za Android ni la Google. WeChat ina jambo jingine: unapojisajili, mara nyingi hudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo wako. Mtafute mtu huyo mapema, awe ndugu, mwanafunzi aliyetangulia au wakala wako wa mizigo. Kisha unganisha kadi yako ya benki, Visa au Mastercard, na uiambie benki kwamba utaitumia nje ya nchi, isije ikafungiwa siku ya kwanza. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayakatwi ada. Yakizidi hapo, ada ni asilimia 3, na kwa anayelipia kodi ya nyumba hizo si hela ndogo. Ndiyo maana mtu wa kukaa muda mrefu hufungua akaunti ya benki huku mara tu karatasi zake zinapokamilika.

Laini yako ya nyumbani usiitupe. Benki ya nyumbani itatuma namba za siri kwenye laini hiyo hiyo, na ukiwasha roming, data yake kwa kawaida hupitia mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp hufunguka. Ni ghali, lakini kwa siku mbili tatu za mwanzo inakuokoa. Laini ya China inasajiliwa kwa pasipoti na picha ya uso wako papo hapo dukani.

Sasa suala la jina, ambalo limewasumbua watu wengi ninaowafahamu. Andika jina lako kila mahali kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Sisi tuna majina matatu, pengine na ukoo, na mfumo wa benki, wa tiketi za treni na wa laini ya simu kila mmoja unauliza jina. Ukiandika mawili benki na matatu kwenye Alipay, mifumo haitambuani, na utarudi dirishani mara tatu ukieleza kwa ishara kwamba ni wewe yule yule. Treni za mwendo kasi hazina hata haja ya tiketi ya karatasi, pasipoti ndiyo tiketi. Tembea nayo kila siku. Sheria inamtaka mgeni aliyefikisha miaka 16 awe nayo.

Upande wa viza, hakikisha ni ya jambo unalokuja kufanya: X1 kwa masomo yanayozidi siku 180, Z kwa kazi, M kwa biashara. Wa X1 na Z wana siku 30 tangu kuingia nchini kuomba kibali cha ukaazi, na ndani ya siku hizo kuna vipimo vya afya: damu, picha ya kifua, moyo. Mtanzania anayekuja na vyeti vya shule, avipitishe Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wa China kabla ya kuondoka. Kufanya hivyo ukiwa tayari huku ni mateso.

Sheria nyingine wageni wanaipuuza: asiyelala hotelini lazima ajiandikishe polisi wa mtaa ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli inakuandikisha yenyewe. Kwenye nyumba ya kupanga unahitaji mkataba na ushirikiano wa mwenye nyumba. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa nzuri na bei nafuu, lakini mwenye nyumba hakutaka habari za polisi, nikaondoka kabla sijafungua mabegi. Mwulize dalali swali hilo kabla ya kuuliza kodi. Fahamu pia kwamba mara nyingi watadai dhamana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja kwa mkupuo, na dalali naye ana chake. Njoo na fedha za miezi mitatu minne mkononi.

Kuhusu mtaa wa kuishi, wengi wetu tunaanzia Xiaobei, kwenye reli ya 5 ya metro, kwa sababu hapo utasikia Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu barabara moja, na utapata saluni inayojua nywele zetu. Wenye bajeti ndogo hukaa kwenye vijiji vilivyomezwa na jiji, kama Shipai. Huko majengo yamebanana kiasi kwamba Wachina wenyewe huyaita majengo ya kupeana mikono, maana jirani unamfikia dirishani. Nauli ya metro inaanza yuan 2, na begi lako litapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia. Njiani kwa miguu, ogopa pikipiki za umeme. Hazina mlio, na zinapita hata kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Anwani yako ihifadhi kama picha, kwa maandishi ya Kichina. Ya herufi zetu dereva hawezi kuisoma. Ramani inayoaminika ni ya huku, Amap au Baidu.

Kwa Mwislamu, jifunze kulitambua neno qingzhen, yaani halali, kwa maandishi yake, kwa sababu nyama ya nguruwe inaingia hata kwenye mboga. Migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo kwa kawaida ni ya halali, ipo karibu kila mtaa. Ijumaa utawakuta watu wa mataifa yote kwenye msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya zamani kabisa China. Tembea na karatasi za chooni, na chupa ya maji kwa anayehitaji. Vyoo vingi vya umma havina.

Tukirudi kwenye koti: lilete, moja. Januari baridi hushuka hadi chini ya nyuzi 10, na nyumba za kusini hazina mfumo wa kupasha joto. Lakini kinachowashinda watu wa pwani ni unyevu. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili huja kipindi wanachokiita huinantian. Hewa ya joto kutoka baharini inakuta kuta zilizopoa, na kuta zinatoka jasho. Sakafu inateleza, nguo hazikauki, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Sisi tumezoea kufungua madirisha ili nyumba ikauke. Siku hizo yafunge, maana ukifungua ndipo unyevu unapoingia. Usilete viatu vingi vya ngozi. Ila mwenye mguu unaozidi namba 45, njoo na viatu vyako, vya raba, maana saizi hiyo huku ni adimu.

Dawa unazotumia kila siku zibebe pamoja na cheti cha daktari. Hospitali kubwa hukuandikisha kwa pasipoti, na unalipia kila hatua kabla ya kuhudumiwa. Mfanyabiashara naye aangalie tarehe ya Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa, na oda ya Kariakoo iliyochelewa siku mbili inaweza kuchelewa mwezi.

Na kabla hujaaga, chukua simu ya mama, umwekee WeChat, umfundishe kupokea simu ya video hadi aweze peke yake. Huku tumetangulia saa tano. Akiwa anapanda kitandani saa tatu usiku, huku ni saa nane usiku na mimi nimelala. Kwa hiyo tunaonana saa sita mchana yangu, nikiwa na bakuli la wali, naye saa moja asubuhi akichemsha chai.