Kupanga daraja la ugonjwa wa handaki la kapali kwa kipimo cha neva

Ugonjwa wa handaki la kapali ni kubanwa kwa neva ya mediani inapopita kwenye kifundo cha mkono. Kipimo hiki hushtua neva kwa umeme na kuhesabu muda ambao wimbi lake linachukua kufika. Kabla ya kuwasha mashine, pima joto la ngozi ya kiganja. Likiwa chini ya nyuzi 32 za Selsiasi, usianze. Mkono wa baridi huchelewesha wimbi kwa takriban milisekunde 0.2 kwa kila nyuzi inayopungua, na hapo mtu mwenye afya kabisa anapewa ugonjwa asio nao. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu, ukaushe vizuri, upime tena. Usijaribu kusahihisha namba kwa hesabu badala ya kuupasha mkono moto. Neva iliyoumia haifuati hesabu ya neva nzima.

Anza na kipimo cha hisia. Funga elektrodi mbili za pete kwenye kidole cha shahada, kisha shtua neva ya mediani mbele ya kifundo cha mkono, kati ya kano mbili, sentimita 14 kutoka pete ya kwanza. Maabara nyingi huhesabu kilele kinachopita milisekunde 3.5 kuwa kimechelewa. Vuta tepu mkono ukiwa umenyooka: ukikosea sentimita moja tu, umeongeza au kupunguza milisekunde 0.2 hivi.

Kidole cha shahada kikitoka safi, hamia kidole cha pete, ambacho huhudumiwa na mediani na alna (neva ya upande wa kidole cha mwisho) kwa pamoja. Shtua kila neva kwa umbali uleule wa sentimita 14. Mediani ikichelewa nyuma ya alna kwa zaidi ya milisekunde 0.4, kuna jambo. Kipimo hiki ni miongoni mwa vya kuaminiwa zaidi kwa ugonjwa mchanga, kwa kuwa baridi na umri huzigusa neva zote mbili.

Kwa mwendo, yaani nyuzi za neva zinazoendesha misuli, bandika elektrodi juu ya tumbo la msuli wa shina la kidole gumba na ushtue sentimita 7 nyuma yake. Mpaka ni milisekunde 4.4; zaidi ya hapo mwendo umechelewa. Pandisha umeme hadi wimbi liache kukua, ongeza asilimia 20, basi. Ukizidisha, umeme unavuja hadi kwenye alna: wimbi linaanza kwa kudidimia, na kidole cha mwisho kinacheza. Ukiona hivyo, punguza umeme au sogeza kishtuzi.

Sasa daraja la ukali wa ugonjwa, kwa mfumo ambao daktari wa neva Bland aliuchapisha mwaka 2000. Kila kitu sawa ni 0. Kasoro inayoonekana kwenye vipimo vya kulinganisha pekee, kama kile cha kidole cha pete, ni 1. Hisia za kidole zimechelewa lakini mwendo ni mzima: 2. Mwendo nao umechelewa, haujafika milisekunde 6.5, na wimbi la hisia bado lipo: 3. Wimbi la hisia likipotea huku mwendo ukiwa chini ya 6.5, ni 4. Mwendo ukipita 6.5 ni 5. Mawimbi yote mawili yakikosekana, yaani la msuli liko chini ya milivolti 0.2, ni 6.

Daraja halipimi maumivu. Wa 1 anaweza kukosa usingizi na wa 6 asilalamike sana. Alna nayo ikiwa imechelewa, huenda tatizo ni la neva za mwili mzima; pima neva za miguu kabla ya kuandika daraja lolote, hasa kwa mwenye kisukari.

Na usikimbilie 6. Sogeza elektrodi, kisha rekodi lumbrikali ya pili, msuli mdogo ndani ya kiganja, ambao mara nyingi hubaki hai wakati shina la kidole gumba limeshakonda. Wimbi lake likichelewa, umepata uthibitisho kwamba neva imebanwa kwenye kifundo.