Early Decision: pima nafasi yako kabla ya kutia saini

Katika vyuo vingi vya Marekani vyenye ushindani mkali, ombi la Early Decision, yaani la mapema linalokufunga kwenda, hufungwa tarehe 1 Novemba na majibu hutoka katikati ya Desemba. Katika wiki hizo sita mwanafunzi hapati usingizi, kutwa anapiga hesabu ya asilimia. Hesabu hiyo ina maana ikifanywa Septemba, kabla ya saini.

Early Decision ni ahadi ya kwenda. Unaomba chuo kimoja tu kwa njia hii, na mnasaini watu watatu: wewe, mzazi au mlezi, na mwalimu mshauri wa shule. Ukichaguliwa, unayaondoa maombi mengine yote. Sababu inayokubalika ya kujitoa ni kwamba msaada wa fedha mliopewa hauifikishi familia kwenye uwezo wa kulipa. Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth na Duke wanatumia mpango huu. Harvard, Yale, Princeton na Stanford nao wana ombi la mapema, lakini halikufungi kwenda. Linakuzuia tu kuomba mapema kwenye vyuo vingine vya binafsi.

Hesabu yenyewe

Tafuta mtandaoni jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set. Ni waraka wa takwimu ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka. Kipengele C1 kinaonyesha waombaji wote na waliochaguliwa; C21 kinaonyesha wa Early Decision peke yao. Toa, kisha gawa.

Chukua Brown. Desemba 2024 walioomba Early Decision walikuwa 5,048, wakachaguliwa 906, yaani asilimia 18 hivi. Msimu mzima ulikuwa na waombaji 42,765 na waliochaguliwa 2,418. Ukiwatoa wa mapema, wanabaki 1,512 kati ya 37,717: asilimia 4.

Kati ya 18 na 4 kuna pengo linalomtia mtu tamaa, na tamaa hiyo ndiyo ya kuangalia. Kundi la mapema katika vyuo vya aina hii lina wanamichezo ambao makocha walishawataka, na watoto wa waliosoma hapo, ambao vyuo vingi bado vinawapa uzito. Wengi wa waombaji wake pia wameandaliwa kwa miaka. Chuo kinapenda kundi hili kwa sababu kina uhakika kwamba atakayechaguliwa atakuja, kwa hiyo faida ipo kweli. Ila ile asilimia 18 si yako wewe unayeomba kutoka Mbeya au Kisumu ukihitaji kulipiwa karibu kila kitu.

Namba inayokuhusu zaidi iko kipengele H6: wanafunzi wa kigeni wangapi wanapata msaada wa chuo, na kwa wastani dola ngapi. Ukikuta 60, hao ni wa miaka yote minne. Maana yake ni kama 15 kwa mwaka, kwa dunia nzima. Hapo ndipo ushindani wako ulipo.

Fedha kabla ya saini

Vyuo vingi vya kundi hili sasa vinagharimu zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka, chakula na malazi ndani. Vichache havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuchagua, kwa mfano Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, na Brown iliyojiunga kuanzia msimu wa 2024–25. Chuo kisiposema wazi kwamba hakitazami, fikiria kwamba kuomba msaada kunaweza kupunguza nafasi yako.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuficha shida ili uchaguliwe kwanza, ukitumaini kuomba msaada mwaka wa pili. Vyuo vingi havimpi kabisa mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba mwanzoni. Mwezi Septemba iandikie ofisi ya msaada wa fedha maswali matatu: Mnatimiza mahitaji yote yaliyothibitishwa ya mwanafunzi wa kigeni? Kuomba msaada kunaathiri uchaguzi? Nisipoomba sasa, naweza kuomba baadaye? Majibu yatunze. Vikokotoo vya gharama kwenye tovuti za vyuo usivitegemee, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa familia za Marekani.

Fomu ya CSS Profile, ambayo vyuo vingi huitumia kupima hali ya fedha ya familia, inakubali mapato kwa fedha ya kwenu, kwa hiyo usijibadilishie shilingi kuwa dola. Mzazi asiye na hati ya mshahara, muuza mitumba au mkulima, aandike mapato ya mwezi kwa mwezi na kusaini, aambatanishe taarifa ya benki au ya M-Pesa ya miezi 12. Kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, taja kwa tarakimu ada za wadogo zako na matunzo ya bibi na babu. Msomaji wa fomu hajui kwamba mshahara mmoja unalisha nyumba tatu.

Panapokwama

Majina. Cheti kina mawili, pasi ya kusafiria ina matatu, mtihani wa SAT wa kuingia vyuo vya Marekani umejisajili kwa mpangilio mwingine. Chuo kinapokea karatasi zisizo na mwenyewe. Tumia jina la pasi kila mahali, na mengine yaandike kwenye sehemu ya majina mengine.

Fomu ya makubaliano ya Early Decision hukaa sehemu ya walimu na wapendekezaji ndani ya Common App, tovuti ya kutumia maombi ya vyuo vingi, na huonekana baada ya kuchagua mpango huo. Mzazi anahitaji barua pepe anayoifungua mwenyewe. Ifungueni mapema pamoja, na umsomee anachosaini kwa lugha anayoielewa.

Kwa Kenya, KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hufanyika Novemba hiyo hiyo na matokeo hutoka Januari. Kuomba mwaka unaofuata, ukiwa na cheti mkononi, mara nyingi ni bora kuliko kuyagawa macho kati ya mtihani na insha. Mwanafunzi wa kidato cha sita Tanzania anaomba kwa kutumia ripoti za muhula na makadirio ya walimu, maana mtihani wake ni Mei.

Tuma tarehe 28 Oktoba, umeme na mtandao vikiwapo. Wiki moja baadaye ingia kwenye akaunti ya mwombaji uhakikishe kila karatasi imefika.

Baada ya kutuma

Novemba andika maombi mengine yote. Mengi hufungwa kati ya tarehe 1 na 5 Januari, na ukisubiri jibu unabaki na wiki mbili, shule zimefungwa, mwalimu mshauri yuko kijijini hapatikani. Mwombe apakie barua na ripoti zote kabla ya kufunga.

Jibu likitoka saa moja jioni kwa saa za New York, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa usiku. Lala, ulisome asubuhi ukiwa na mtu wa nyumbani.

Ukikataliwa, kwa chuo hicho pamekwisha msimu huo. Vanderbilt, Johns Hopkins na Chicago, kati ya vingine, wana Early Decision ya pili: mwisho mwanzoni mwa Januari, jibu Februari. Saini yake inafunga vilevile, kwa hiyo maswali matatu ya fedha yaulize upya.

Ukiahirishwa, yaani ombi lako likihamishiwa kundi la kawaida, ahadi imefutika. Uko huru kwenda popote. Mwishoni mwa Januari, kama chuo hakijakataza, tuma barua moja ya ukurasa mmoja pamoja na matokeo ya nusu mwaka. Iwe na mapya tu: “Tangu Novemba fizikia imepanda kutoka B hadi A, na maktaba ya shule ninayoisimamia imeorodhesha vitabu 400.” Sema kwamba utakwenda wakikuchagua, endapo ni kweli na msaada utatosha.