Jina Limekosewa Kwenye Tiketi ya Ndege: Namna ya Kulirekebisha

Nimekata tiketi za watu kwa miaka mingi, na kosa linaloongoza si tarehe wala mji wa kwenda. Ni jina. Pasipoti inasema Zainab, lakini tangu utotoni wote wanamwita Zainabu, basi na vidole vinaandika hivyo hivyo. Yusuf anakuwa Yusufu, Khamis anakuwa Hamisi. Irabu moja tu, na mtu anakosa usingizi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama kosa lipo

Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti, shuka mpaka ile mistari miwili ya chini iliyojaa alama za <<<<. Kila mstari una nafasi 44, na hiyo ndiyo sehemu inayosomwa na mashine. Baada ya herufi za nchi, jina la ukoo hutangulia, kisha alama mbili, kisha majina mengine: SALIM<<ZAINAB<ATHUMANI. Andika tiketi kwa kufuata mstari huo. Mkato wa juu haumo kabisa, kwa hiyo Ng'wandu kuandikwa NGWANDU si kosa.

Halafu yapo yanayotisha bure. Mifumo ya tiketi hupenda kuyabana majina na kuyagandisha na cheo: SALIM/ZAINABATHUMANIMRS. Ndivyo yanavyohifadhiwa. Mteja wangu mmoja aliona "MR" imenata mwishoni mwa jina lake, akaamini ameharibu, akanunua tiketi ya pili usiku uleule bila kuniuliza. Ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote.

Hatua ya 2: Jua ni kosa la aina gani

Kurekebisha jina ni jambo moja, kubadilisha abiria ni jambo jingine. Herufi iliyopotea, jina la ukoo na la kwanza kupishana, jina la kati kuachwa: abiria bado ni yuleyule, na mashirika mengi yana njia ya kulishughulikia, mengine bure, mengine kwa ada. Ila ukitaka Zainab awe Rukia, hapo unaomba tiketi ihamie kwa mtu mwingine, na tiketi nyingi hazihamishiki.

Hatua ya 3: Nenda kwa aliyeitoa

Hapa ndipo watu wanapozungushwa. Ukinunua kwa wakala, shirika litakurudisha kwa wakala. Ukinunua kwenye tovuti ya shirika moja lakini ndege ni ya shirika jingine, anza na lile lililotoa tiketi. Utalijua kwa namba ya tiketi yenye tarakimu 13: tatu za mwanzo ni za shirika hilo.

Hatua ya 4: Wahi

Wakala mara nyingi anaweza kuifuta tiketi siku ileile aliyoitoa na kukata nyingine. Kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani, shirika linatakiwa likupe saa 24 za kughairi bila adhabu, au likushikilie nafasi kwa bei ileile kwa muda huo bila malipo, mradi umebuku kwake moja kwa moja na safari iko siku 7 au zaidi mbele. Lakini usighairi kabla hujatazama bei ya sasa. Nafasi uliyoiachia inaweza kurudi kwako ikiwa ghali zaidi.

Hatua ya 5: Andika ujumbe uliokamilika

"Namba ya bukingi (ile ya herufi na tarakimu, jumla sita) ni hii, namba ya tiketi ni hii. Limeandikwa SALIM/ZAINABU, sahihi ni SALIM/ZAINAB. Abiria ni yuleyule, tarehe ya kuzaliwa haijabadilika. Naambatisha ukurasa wa pasipoti. Naomba marekebisho ya jina, si mabadiliko ya abiria."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ombi likieleweka kuwa ni la kubadilisha abiria, utajibiwa kuwa haiwezekani, na mazungumzo yataishia hapo.

Hatua ya 6: Usiridhike na "tayari"

Jina linaweza kurekebishwa kwenye bukingi huku tiketi yenyewe ikibaki na la zamani. Dai risiti mpya ya tiketi, usome jina herufi kwa herufi. Kisha kagua siti na mizigo uliyolipia, maana tiketi ikitolewa upya vitu hivyo wakati mwingine huachwa nyuma.

Maswali ya wanachama

*Nimeolewa. Tiketi ina jina la mume, pasipoti bado ya zamani. Nibebe cheti cha ndoa?*
Dada, tiketi ifuate pasipoti utakayosafiria. Cheti kitumie sasa kuombea marekebisho. Kukipeleka kaunta siku ya safari ni kubahatisha.

*Tuko wanne kwenye bukingi moja, mmoja tu kakosewa. Wengine wataguswa?*
Si lazima. Huenda wakamtenga kwenye bukingi yake ili wamrekebishe peke yake. Omba waandike kuwa mnasafiri pamoja, na mhakikishe siti zenu hazijatawanyika.

*Mkuu, nimeshachekini mtandaoni ndipo nikaona kosa.*
Waombe shirika waondoe hiyo chekini kwanza, kwa kawaida jina haliguswi kabla ya hapo. Kadi ya kupandia ndege uliyopakua itupe, utachukua mpya.

*Pasipoti yangu ina jina moja tu. Kisanduku cha pili nijaze nini?*
Inategemea shirika: mengine hutaka jina lirudiwe mara mbili, mengine hutaka FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani), herufi zilezile ambazo viza za Marekani huweka mahali pa jina la kwanza lisilokuwepo. Uliza kabla ya kulipa, na jibu ulihifadhi kwa maandishi.

*Nilienda vizuri bila mtu kuuliza. Kosa nimeligundua nikijiandaa kurudi.*
Tiketi iliyotumika nusu ni ngumu kutolewa upya, kwa hiyo mara nyingi shirika huweka maelezo ya jina sahihi kwenye bukingi. Wapigie leo hii. Aliyekupitisha wakati wa kwenda huenda hakutazama vizuri, na wa kurudi ni mtu mwingine.