Kuvua trauti mwenyeji kwa nzi bandia katika vijito vya Shenandoah

Milima ya Blue Ridge huko Virginia, Marekani, ina aina moja tu ya trauti mwenyeji (samaki wa maji baridi): trauti wa vijito, Salvelinus fontinalis. Trauti wa upinde wa mvua waliletwa kutoka magharibi, wa kahawia kutoka Ulaya. Huyu wa vijito ni mdogo. Ukipata wa sentimita 25 umepata mkubwa. Lakini ni mwoga kupindukia, na kumpata kunategemea mwendo wako kuliko mkono wako.

1. Leseni. Kuanzia miaka 16 unahitaji leseni ya uvuvi ya Virginia. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah tumia chambo bandia chenye ndoano moja. Katika mto Rapidan, ambako Rais Herbert Hoover alijenga kambi yake ya uvuvi mwaka 1929, kila samaki anarudishwa majini.

2. Vifaa. Fimbo ya futi 7, namba 3 (uzito wa mshipi wake), inatosha, maana matawi yameufunika mto. Mwishoni mwa mshipi funga nailoni nyembamba, 5X (kipimo cha wembamba), yenye urefu wa futi 7 na nusu. Nzi bandia, yaani ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na mdudu, wawili watatu tu: Parachute Adams na Elk Hair Caddis, ndoano namba 14 au 16. Maji haya hayana chakula kingi, kwa hiyo samaki hachagui sana. Minya kwa koleo kile kijino cha ndoano ili ichomoke bila kumchana.

3. Pima joto la maji. Yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, kunja mshipi. Samaki aliyechoka kwenye maji ya vuguvugu anaweza kufa hata ukimwachia.

4. Mkaribie kwa nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosa. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee wadudu. Basi anza chini ya mto, kisha panda nao. Vaa rangi za majani, jifiche nyuma ya jabali, piga magoti, na uangalie kivuli chako kinaangukia wapi. Usiingie majini kama ukingo unapitika. Ukifika kwenye kibwawa, usikimbilie kutupa pale juu penye povu. Mara nyingi yupo samaki mdogo huku chini, maji yanapokiacha kibwawa. Ukimkurupusha atapanda mbio na kuwashtua wenzake wote. Mtupie yeye kwanza.

5. Kutupa. Mita 3 hadi 5 zinatosha. Pasipo nafasi ya kupunga fimbo, shika nzi kwenye mpindo wa ndoano, vuta mpaka fimbo ipinde, lenga, achia. Kisha inua fimbo mshipi usiguse mkondo wa kati. Nzi aende na maji. Akianza kuburuta na kuchora mistari, samaki hamtaki tena. Tupa mara mbili tatu, panda kibwawa kinachofuata.

6. Samaki akidaka, inua ncha ya fimbo kidogo tu. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu humbandua ute unaomkinga. Mwache majini huku ukichomoa ndoano, na umtazame: mgongo wa michirizi iliyopindapinda, madoa mekundu yenye duara la buluu ubavuni, mapezi ya chini ya rangi ya chungwa yenye ukingo mweupe.

7. Oktoba na Novemba trauti hutaga. Jike hufagia kokoto kwa mkia na kuacha mahali peupe, safi kuliko pembeni. Usipakanyage, mayai yamo humo mpaka baridi iishe. Mimi miezi hiyo siwatupii kabisa.