Kucheza Poka Las Vegas Ukiwa Mgeni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika safari zangu za Las Vegas nimewaona wageni wanaoijua poka barabara wakipoteza fedha kwa kutozifahamu taratibu za meza, wala si kwa ubaya wa karata. Hapa nazungumzia Texas Hold'em isiyo na ukomo wa dau, aina ya poka ambapo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, ambayo ndiyo utakayoikuta karibu kila chumba cha karata.

Hatua ya 1: Beba pasipoti. Sheria ya Nevada hairuhusu mtu wa chini ya miaka 21 kucheza.

Hatua ya 2: Jiandikishe kwa msimamizi mlangoni, hata ukiona kiti kitupu, kwa kuwa huenda kina mtu anayengoja zamu. Omba meza ya dola 1 na 3. Hizo ni dau za lazima ambazo wachezaji wawili huziweka kabla ya karata kugawiwa. Uliza mambo mawili kabla ya kuketi: kiasi cha chini na cha juu cha kuingia nacho, na kasino inakata kiasi gani katika kila fungu linaloshindaniwa. Kanuni za Nevada haziruhusu makato kuzidi asilimia 10.

Hatua ya 3: Nunua chipu, yaani vidonge vinavyotumika mezani badala ya fedha. Kwa kawaida nyekundu ni dola 5, kijani 25 na nyeusi 100. Mkono (yaani mzunguko mmoja wa mchezo) ukishaanza, huwezi kuongeza fedha kutoka mfukoni, na chipu ulizoshinda hazitoki mezani mpaka uondoke.

Hatua ya 4: Tamka kabla ya kusukuma chipu. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa na ree mbili, mwenzangu akaweka dola 10, nami nikarusha kimya chipu moja ya dola 25 nikidhani nimepandisha dau. Mgawaji akanirudishia dola 15, kwa sababu chipu moja isiyosindikizwa na neno huhesabiwa kuwa umefuata tu, yaani umelinganisha dau la mwenzako, hata iwe ya thamani gani. Vivyo hivyo, ukiweka chipu za kufuata kisha ukarudisha mkono kuchukua nyingine, hizo za pili hazitahesabiwa. Kwa hiyo sema kwa Kiingereza kwamba unapandisha, taja kiasi, ndipo uzisogeze.

Hatua ya 5: Chunga ulimi. Mkono unapoendelea, Kiingereza pekee ndicho kinachoruhusiwa. Ukikaa na ndugu yako mkasemezana Kiswahili, hata kama ni habari za chakula cha jioni, mtaonekana mnapeana siri za karata, na mtaonywa. Ningeshauri mkae meza tofauti.

Hatua ya 6: Weka chipu moja juu ya karata zako ili mgawaji asizikusanye kwa bahati mbaya. Mwishoni zifunue zote mbili, wala usizitupe kwa sababu mpinzani ametamka kwamba ameshinda. Karata zilizofunuliwa ndizo zinazoamua, si maneno.

Hatua ya 7: Ukishinda fungu, mpe mgawaji bakshishi ya dola moja, kwani sehemu kubwa ya kipato chake hutokana nayo. Chipu zibadilishe kwa keshia kabla ya kuondoka. Kwenye mashindano hesabu ni nyingine: ukipata ushindi mkubwa, mgeni kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 30 papo hapo. Ukisafiri na zaidi ya dola 10,000 taslimu, zitangaze kwa forodha ya Marekani, uwe unaingia au unatoka.