Kumtafuta babu aliyepanda meli kwenda Australia: anzia kaburini, usianzie Ulaya

Mke wangu kazaliwa Melbourne, mimi ni mtu wa Tanga, na watoto wetu shule waliwapa kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu ilikuwa simu moja tu, bibi akamwaga majina mpaka karatasi ikajaa. Upande wa mama yao ndo ikawa kasheshe, manake mama mkwe anamjua baba yake, anamjua babu yake, juu ya hapo ni "walitoka Ayalandi zamani sana" basi, habari imeisha. Nikasema hii naimaliza wikiendi hii. Imenichukua miaka mitatu jamani, na mwaka wa kwanza wote niliutupa, ndo maana naandika hapa ili mwenzangu mwenye shemeji au mkwe wa huku, au mtoto mwenye damu mbili, wa huku yani Australia, asipite nilikopita mimi.

Kosa langu lilikuwa kuanzia Ayalandi. Nikachukua jina la yule mzee aliyepanda meli, jina lenyewe la kawaida kama Juma Hamisi kwetu, nikaliingiza kwenye tovuti, wakaja watu mia na kitu, nikachagua mmoja ambaye umri unakaribiana afu nikaanza kumjengea ukoo. Nilifika mpaka miaka ya 1790 nikiwa na babu wa watu wengine kabisa. Mama mkwe tayari kashaprinti na fremu kaweka.

Kwa hiyo kanuni yangu sa hizi ni moja: usivuke bahari kabla hujajua kijiji. Na kijiji hukijui kwa kutafuta Ulaya, unakijua kwa kutafuta Australia. Sababu yenyewe ni rahisi tu, serikali ya Uingereza (na Ayalandi enzi hizo ilikuwa chini yake) haikujisumbua na watu wanaoondoka, orodha za abiria waliotoka bandari zake zilizobaki zinaanzia 1890, kabla ya hapo karibu hakuna kitu. Walioandika ni wale waliokuwa wanapokea, tena hasa pale serikali ya koloni ilipolipa nauli, mtu akilipia kitu si lazima ahesabu kilichoshuka melini!

Anza na kifo. Koloni la Victoria, lile lenye Melbourne, walianza usajili wa serikali tarehe 1 Julai 1853, New South Wales tarehe 1 Machi 1856, na fomu zao za vifo zilitungwa na watu wambea kwelikweli: marehemu kafa na nini, baba yake nani na alikuwa anafanya kazi gani, mama yake nani na jina la kwao kabla hajaolewa, kazaliwa wapi, kaoa nani, wapi, akiwa na miaka mingapi, watoto wake wote kwa majina na umri mpaka waliotangulia mbele ya haki, na kaishi kwenye makoloni miaka mingapi. Wakati huohuo Uingereza kwenyewe cheti cha kifo cha mtu mzima hakitaji hata mama yake. Queensland ilikuwa ndani ya New South Wales mpaka 1859 kwa hiyo ikarithi fomu hiyohiyo. Tasmania walianza mapema zaidi, mwaka 1838, na South Australia 1842, lakini vyeti vyao vya vifo vya zamani ni vifupi, jina, umri, ugonjwa, kwaheri.

Hiyo sehemu ya miaka mingapi kwenye koloni ndo dhahabu. Wa kwetu alikufa 1889 na cheti kikasema miaka 36 Victoria, toa, unapata 1853, yani kaja kipindi kile watu wanakimbilia dhahabu ya Ballarat na Bendigo iliyoanza kuchimbwa 1851. Wengine utakuta imeandikwa miaka kumi South Australia afu thelathini Victoria, basi ujue meli yake ilitia nanga Adelaide na kumtafuta Melbourne ni kujichosha. Ila zile namba ni za kukadiria, weka miaka mitatu huku na mitatu kule.

Na kumbuka kitu kimoja, aliyetoa taarifa za cheti cha kifo sio marehemu. Angalia chini kabisa nani kasaini. Kama ni mke au mtoto mkubwa, sawa. Kama ni mkwe au jirani au mtu wa shughuli za mazishi, basi jina la mama wa marehemu lichukue kwa tahadhari, manake ni mtu anaulizwa kaburini na yeye anabuni ili waondoke. Mimi mwenyewe ukiniuliza bibi mzaa mama wa mama mkwe anaitwaje nitakutajia lolote.

Ndo maana cheti kimoja hakitoshi. Tafuta cha ndoa, afu tafuta vya kuzaliwa vya watoto WOTE, sio yule mmoja tu unayetokana naye. Kwenye vyeti vya kuzaliwa vya Victoria wazazi wanatajwa walizaliwa wapi na walioana wapi na lini, na kila mtoto akizaliwa waliulizwa upya, na kila mara walijibu walivyojisikia siku hiyo. Kwetu watoto walikuwa tisa. Vyeti vinne vinasema Ayalandi tu. Viwili vinasema Clare, ambayo ni kaunti. Cha mtoto wa saba kikataja mji mdogo ndani ya Clare. Sijui siku hiyo karani alikuwa na muda au baba alikuwa na hamu ya kwao, ila lile neno moja ndo limefungua kila kitu. Vyeti vinalipiwa, sio bure, kwa hiyo andaa mfuko, na usome indeksi, ile orodha ya majina, vizuri kabla ya kubonyeza kulipa, mimi nilinunua viwili vya watu nisiowajua.

Cha bure kabisa ni Trove, ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ina magazeti ya zamani yameskaniwa kuanzia Sydney Gazette la 1803, unatafuta kwa neno na hulipi hata senti. Tafuta tanzia. Mzee akifa utakuta aya moja inasema alizaliwa parokia fulani, kaja na meli fulani mwaka fulani, na mara nyingi mwishoni wanaandika magazeti ya Clare tafadhali yachapishe na nyinyi, yani waliokaa huku walikuwa wanatuma salamu za msiba nyumbani kupitia gazeti, kama matangazo ya vifo ya redioni kwetu! Ukiona hiyo umeshapata kaunti. Kompyuta ndo iliyosoma yale magazeti kwa hiyo inakosea, herufi zinabadilika, jaribu kuandika jina vibaya makusudi, au acha jina kabisa tafuta mtaa na mwaka. Ukikuta mstari umekosewa unaweza kuurekebisha mwenyewe, mimi usiku usingizi ukikataa huwa narekebisha tu tanzia za watu.

Na nenda makaburini kama uko karibu. Wairishi walikuwa wanapenda kuchonga kwenye jiwe "mzaliwa wa parokia fulani kaunti fulani", hata kama vyeti vyote vimenyamaza.

Kitu cha kutopotezea muda ni sensa. Mtu aliyezoea sensa za Uingereza za 1841 kwenda mbele atakuja kutafuta za Australia, asitafute, fomu za kaya ziliharibiwa karibu zote. Ya New South Wales ya 1828 ipo, ile ya 1881 iliungua pamoja na jengo la Garden Palace pale Sydney mwaka 1882.

Sasa meli. Hapa lazima ujiulize huyu mtu aliingia kwa mlango gani, manake milango ilikuwa mitatu na kila mmoja una makaratasi yake.

Mlango wa kwanza wafungwa. Kati ya 1788 na 1868 waliletwa zaidi ya 160,000, New South Wales mpaka 1840, Tasmania (enzi hizo ikiitwa Van Diemen's Land) mpaka 1853, Western Australia kuanzia 1850 mpaka meli ya mwisho, Hougoumont, ilipofika Fremantle Januari 1868. Familia nyingi zilificha hili vizazi na vizazi, babu akageuzwa baharia, mara askari, mara mtoto wa tajiri aliyegombana na baba yake. Siku hizi mambo yamegeuka, mtu akigundua ana mfungwa kwenye ukoo anatamba nalo baa nzima. Na kwa mtafutaji mfungwa ni bahati, hakuna mtu aliyeandikwa kama mfungwa. Rekodi za Tasmania ziko bure kwenye tovuti ya maktaba za jimbo, unakuta kosa lake, kahukumiwa wapi, urefu, rangi ya macho, chale na tatuu alizonazo, kazaliwa wapi, na kila alipolewa au kumjibu bosi vibaya. Kama alihukumiwa London mahakama ya Old Bailey kesi yenyewe unaisoma mtandaoni. Wa Ayalandi ni wagumu kidogo, rejista za kabla ya 1836 za huko ziliteketea, kwa hiyo tegemea orodha zilizoandikwa meli ilipofika.

Mlango wa pili ni waliolipiwa nauli, na hawa kuanzia miaka ya 1830 ndo wengi. Wasichana wa kazi za ndani, wakulima, Waskoti wa visiwani walioshindwa na njaa, wachimbaji wa Cornwall waliofuata shaba kule Burra na Moonta, na wale mabinti yatima zaidi ya 4,000 waliotolewa kwenye nyumba za maskini za Ayalandi kati ya 1848 na 1850, wakati wa njaa ya viazi. Ukikuta binti wa miaka 16 kafika peke yake 1849, waangalie hao kwanza. Kwa New South Wales kuna orodha za aina mbili, usiishie kwenye ya wakala wa uhamiaji, tafuta na ile ya bodi ya uhamiaji, hiyo inataja wazazi wako hai au wamekufa, wanaishi wapi, na kama abiria ana ndugu tayari yuko kwenye koloni. Nilivyoiona mara ya kwanza nilipiga kelele saa saba usiku, mke akadhani kuna msiba nyumbani.

Mlango wa tatu ni aliyejilipia. Huyu ndo mtihani. Magazeti yalitaja abiria wa vyumba vya juu kwa majina, wa chini wakahesabiwa tu kama magunia, "na wengine 45". Victoria wana indeksi kuanzia 1852, ya bure, kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, lakini utapata jina, umri, labda na nchi, basi. Kama jina ni la kawaida hapo usilazimishe, meli sio muhimu kama kijiji.

Majina nayo yanacheza. Wengi hawakujua kusoma, karani aliandika alichosikia. Ile O au Mc ya mbele inaingia na kutoka, kwa hiyo Sullivan na O'Sullivan ni haohao. Bridget utamkuta Biddy, au Delia. Honora ni Nora. Angalia pia watoto wanaitwa nani, desturi yao ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, hilo Mswahili anaelewa bila kuelezwa. Sio sheria lakini inakupa fununu. Na tazama mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo, watu walihama na watu wao, jirani wa Ballarat mara nyingi alikuwa jirani wa Clare.

Ukishapata kijiji ndo vuka. England na Welisi usajili ulianza 1 Julai 1837, indeksi unaziona bure kwenye tovuti ya FreeBMD, kabla ya hapo ni vitabu vya parokia. Uskoti ulianza 1855, unalipia kwenye tovuti ya ScotlandsPeople ila vimepangwa vizuri. Ayalandi ndoa za wasio Wakatoliki zinaanzia 1845 na vingine vyote 1864, yani baada ya wengi wa watu wetu kuondoka, na sensa za kabla ya 1901 ni vipande tu, nyingine ziliungua Dublin kwenye vita vya 1922, nyingine serikali yenyewe ilizisaga. Kilichobaki ni vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki, Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliviweka mtandaoni bure 2015, mwandiko wa padri ni mbaya na majina mengi ya Kilatini, John anakuwa Joannes, lakini unazoea. Vitumie pamoja na Griffith's Valuation, orodha ya wapangaji wa ardhi ya kati ya 1847 na 1864, inaonyesha nani alikaa shamba gani na jirani zake ni nani. Jirani tena! Kwetu ilikuwa ni hao mashahidi wawili wa ndoa ya Ballarat, majina yao ya ukoo yote mawili yapo kwenye ukurasa mmoja na jina la mzee, mashamba yanapakana.

DNA nimeiacha mwisho makusudi, haikutajii kijiji, inakutajia binamu, na binamu wengine hawajibu meseji. Aliyejibu kwetu ni mama mmoja wa Boston, bibi yake mkuu ni dada wa yule mzee, huyo dada alipanda meli ya upande wa pili, ya Marekani. Fremu ya zamani tumeishusha ukutani, mpya bado sijaprinti, namsubiri yule mama atume jina la mama yao, anasema ana barua mahali fulani kwenye stoo.