Kutoka fundi wa mtaani hadi mkandarasi wa umeme mwenye leseni: jinsi ya kuomba ukiwa Arusha au Moshi

Nawafahamu mafundi wa umeme wa Ngarenaro, Kijenge, Majengo na Pasua ambao naiamini mikono yao kuliko ya watu wengi wenye vyeti, lakini leseni hawana. Kila wakimaliza nyumba wanazunguka kumtafuta mwenye leseni na muhuri awagongee fomu ya TANESCO ya kuunganishiwa umeme. Wanamlipa, na jina linalobaki kwenye karatasi si lao. Mimi mwenyewe nimeishi hivyo miaka minne. Aliyekuwa akinigongea hakuwahi kufika kwenye nyumba hata moja niliyofunga. Siku moja soketi ya jikoni ilianza kuungua, mwenye nyumba akanitafuta mimi, na mwenye muhuri akasema kazi ile haijui. Alisema kweli kabisa: hakuwa ameiona.

Baada ya siku ile ndipo niliamua kuomba leseni yangu. Nilichelewa kwa kutojua mambo madogo, na hayo ndiyo nataka kukueleza, ndugu yangu fundi.

Usichanganye makaratasi

Mtu akisema "nataka kusajiliwa kuwa mkandarasi", mara nyingi anazungumzia vitu vitatu au vinne kwa mpigo, na hapo ndipo anapopotea.

Leseni ya kufunga mifumo ya umeme inatolewa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Hiyo ndiyo inayosema wewe kama mtaalamu unaruhusiwa kugusa kazi ya umeme, na ya ukubwa gani. Usajili wa kampuni ya ukandarasi uko kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Leseni ya biashara ni ya halmashauri: Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi, au halmashauri ya wilaya unakofanyia kazi. Jina la biashara au kampuni linasajiliwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na namba ya mlipakodi, TIN, inatoka TRA.

Leseni ya biashara haikupi ruhusa ya kufunga umeme. Nimewaona vijana wameibandika dukani kwa fahari, wanauza nyaya na kupokea kazi za wayaringi, wakiamini wamemaliza. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu: tafuta ya EWURA kwanza. Mengine yatafuata, na mengi utayapata kwa urahisi ukiwa na hiyo mkononi.

Omba daraja unaloweza kulisimamia

Leseni za EWURA zina madaraja. Daraja A ndilo la juu, linaruhusu kazi za msongo wowote. Ngazi inashuka kupitia B na C hadi D, ambalo ni la umeme wa njia moja, yaani nyumba za kawaida za volti 230. Lipo pia daraja S la kazi maalumu, na W la mafundi waya. Elimu na uzoefu unaotakiwa vinapanda kadiri daraja linavyopanda.

Wengi wanaona aibu kuanza chini, na kwangu hilo ni kosa. Kama kazi zako zote ni nyumba za vyumba vitatu za Olasiti au Kiboriloni, daraja la chini linakutosha leo, na utapanda baadaye ukiwa na kazi za kuonyesha. Ukiomba daraja la juu huku hujawahi kufunga hata mota moja ya njia tatu, utaulizwa juu ya mota hiyo.

Cheti, na wale waliojifunzia kazini

Kwa mikoa yetu milango ya masomo iko karibu. VETA wapo Moshi na Arusha, wanatoa ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, kinatoa astashahada, stashahada na shahada. Chuo hicho hicho kina kituo cha Kikuletwa, wilayani Hai, kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji, ambako mtu anajifunza umeme mahali unapozalishwa. Vyeti vya zamani vya majaribio ya ufundi, daraja la tatu hadi la kwanza, usivitupe. Ni ushahidi wa ulikoanzia.

Kama ulijifunza kwa kumfuata mjomba na begi la koleo, hujafungiwa nje. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa unachokijua, unajaziwa palipopungua, unapata cheti. Nenda ofisi ya chuo ukaulize ratiba ya tathmini inayofuata, kisha jipange. Usikubali cheti cha kununua. Chuo kikiulizwa, ukweli utajulikana, na hapo utakuwa umejiharibia kwa muda mrefu.

Majina yako yafanane

Hapa mimi nilipoteza miezi. Cheti changu cha ufundi kilikuwa na majina mawili. Kitambulisho cha NIDA kina matatu, na la katikati liliandikwa kwa herufi tofauti na lile la cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu jambo hili ni la kawaida: mtoto ana jina la ubatizo, jina la ukoo na jina la babu, na kila shule iliandika lililoipendeza.

Kabla hujafungua maombi yoyote, tandaza mezani NIDA, TIN, vyeti vya shule na vya ufundi, usome herufi kwa herufi. Zikitofautiana, nenda kwa wakili akuandalie kiapo cha majina, au hati ya kubadili jina kama tofauti ni kubwa. Wakili huyo huyo akugongee muhuri wa nakala halisi kwenye vyeti vyote, utoke na kazi moja imekwisha.

Daftari la kazi

Kama utachukua neno moja tu kutoka hapa, chukua hili. Fundi mwenye miaka kumi kazini anaweza kushindwa kuthibitisha hata miwili, kwa sababu hakuandika kitu. Mwenzake wa miaka mitatu mwenye daftari anampita.

Nunua daftari gumu leo. Kwa kila kazi andika tarehe ya kuanza na kumaliza, mtaa, aina ya jengo, idadi ya taa na soketi, unene wa nyaya, ukubwa wa sakiti breka, na vipimo ulivyopata mwisho. Mwombe mwenye nyumba asaini na kuandika namba yake ya simu. Piga picha ya bodi ikiwa wazi kabla hujaifunika, na picha ya ethi rodi, ile fimbo ya kupeleka umeme ardhini, kabla ya kufukia. Kama ulikuwa saidia fundi chini ya mkandarasi mwenye leseni, mwombe barua inayotaja muda na aina ya kazi, yenye muhuri na namba ya leseni yake. Iombe mkiwa bado mnaelewana. Wengi huikumbuka barua baada ya kugombana kwa ajili ya malipo, na hapo haipatikani tena.

Kujaza maombi

Maombi yanafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa EWURA unaoitwa LOIS. Unafungua akaunti, unachagua huduma ya umeme na daraja, unajaza taarifa zako, unapakia nakala za vyeti, kitambulisho, picha ndogo, wasifu wako na ushahidi wa uzoefu. Ada inategemea daraja. Mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, nawe unalipa benki au kwa simu kwa namba hiyo. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie, hata akiwa jamaa yako.

Usipige picha vyeti kwa simu usiku chini ya taa ya njano. Nenda steshenari, skani kila karatasi wima, isomeke hadi muhuri. Tumia barua pepe yako mwenyewe, unayoikumbuka nywila yake, kwa sababu majibu na maswali ya nyongeza yatakuja huko. Kuna vijana wametumia barua pepe ya mwenye steshenari, wakakaa wakisubiri jibu lililokuwa limeshatumwa.

Ofisi ya EWURA ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha mjini. Ukiwa Moshi ni safari ya kama kilomita 80 kupitia Boma Ng'ombe na Usa River, kwa hiyo ukienda kuuliza beba faili lote, asili na nakala, usije ukarudishwa kwa karatasi moja.

Usaili

Jiandae kuitwa na kuulizwa kazi. Fundi wa kweli hana sababu ya kuogopa, ila wengi wetu tunajua kufanya na hatujui kueleza. Jizoeze kueleza kwa sauti kwa nini unafanya unavyofanya.

Chukua mfano wa shawa ya umeme, kitu kilichojaa nyumba zetu kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Waya wa milimita za mraba 1.5 uliozoea kuuvuta kwenye taa hauwezi kuubeba mzigo huo. Wa 2.5 ndani ya paipu unakuwa umefika ukingoni. Unahitaji wa 4, na kama bodi iko mbali, wa 6, kwa sababu waya mrefu unapoteza volti njiani. Shawa iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye bodi, breka yake, ethi ya uhakika, na kinga ya RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Kisha eleza breka inalinda nini: inalinda waya. Ndiyo maana kuondoa breka ya 20 inayoanguka kila mara na kuweka ya 40 ni hatari. Unaacha waya uungue ndani ya ukuta huku breka imetulia. Nimefungua kuta zilizofanyiwa hivyo, na harufu yake siisahau.

Vipimo navyo uvijue kwa mkono. Mega, yaani kifaa cha kupima kama ganda la nyaya linazuia umeme kuvuja, ya volti 500 kwenye nyaya, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, majibu yasipungue megaohmu 1. Hakikisha swichi inakata laivu, siyo nyutro. Pima ethi, na ujue udongo wako: huku kwetu kwenye mawe ya volkeno rodi inaweza kugota mapema, na udongo uliokauka hupitisha umeme vibaya kuliko ulioloa. Kipimo kizuri cha Aprili wakati wa masika si lazima kiwe kile kile Septemba. Rodi ya pili, iliyopigwa mbali kidogo na ya kwanza, ni gharama ndogo kwa mteja.

Kama huna mega yako, azima ujifunze, halafu anza kuweka akiba ya kununua. Kufunga nyumba bila kupima ni kumwachia mteja na watoto wake kazi ya kupima.

Leseni ikitoka

Soma masharti yaliyoandikwa juu yake: daraja, mipaka ya kazi, tarehe ya mwisho. Kisha nenda BRELA mtandaoni usajili jina la biashara, TRA wafanye makadirio yako ya kodi, na leseni ya biashara uiombe kwenye mfumo wa TAUSI unaotumiwa na halmashauri. Hizi hatua ni nyepesi kama NIDA na TIN yako viko sawa.

Ukitaka kuingia kwenye zabuni za serikali, yaani shule, zahanati na majengo ya halmashauri, hapo ndipo unapohitaji kampuni na usajili wa CRB, upande wa makandarasi wa umeme. Wanaangalia wataalamu ulionao, mtaji na vifaa, kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi, na kuna ada ya kila mwaka. Mradi wenyewe pia unasajiliwa kwao kabla ya kuanza. CRB nao wana ofisi ya kanda Arusha. Zabuni zinaombwa kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Ukiajiri, wafanyakazi wako waandikishe NSSF na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kijana anayepanda ngazi kwa ajili yako anastahili hilo.

Kwa kazi za nyumba, mteja anapoomba kuunganishiwa umeme TANESCO, jina lako, namba yako na muhuri wako ndivyo vinavyosimama nyuma ya wayaringi ile. Watakuja vijana usiowajua, wametumwa na mtu, wameshika fomu na fedha, wakikuomba ugonge tu. Wakatalie fedha, lakini usiwafukuze. Nenda nao kwenye nyumba, fungua bodi, pima kila njia. Palipo na kosa warekebishe ukiwa umesimama pale. Kama kazi ni safi na wako tayari kufanya kazi chini yako, waingize kwenye daftari lako, na ukifika wakati waandikie barua ya uzoefu.

Tarehe ya leseni kuisha iandike kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu, miezi mitatu kabla, uanze maombi ya kuhuisha mapema. Leseni ikiisha ukiwa katikati ya kazi, fomu ya mteja wako inakwama.